Wageni Waliofia Karantini

Habari za kifo chake zilinikuta Runzewe, nikibishana na muuza nanasi aliyeapa kuwa nanasi lake halihitaji kuonjwa. Simu ikaita. Nikaambiwa yule fundi pampu wa Kalangalala, jirani yangu wa zamani, ameanguka bafuni na hakuamka tena. Nilichukua nanasi bila kuonja, nikapanda gari la Geita huku machozi yananitoka, na kabla hatujafika mbali nikajikuta nacheka peke yangu mpaka abiria wa pembeni akasogea. Mnisamehe, wasomaji wangu. Yule hakuwa mtu wa kumlilia bila kumcheka kidogo.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu zinazovuta maji kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wetu wa dhahabu. Ugonjwa wake ulikuwa samaki wa baharini. Huku kwetu, ambako sato na sangara wa Chato wanagombea sufuria, yeye aliweka tangi la kioo nyuma ya kaunta ya duka lake, akachanganya maji na chumvi maalumu ya bahari, akafuga visamaki vya rangi ya chungwa vyenye mistari myeupe, visivyotosha hata kumshibisha paka. Watu walimcheka wee! Sisi samaki tunamtia chumvi akishakufa, yeye anamtia chumvi ili aishi. Alikuwa akijibu taratibu kwamba mtu anayeshinda kutwa akivuta maji ya tope ana haki ya kutazama maji safi jioni.

Kasheshe ilianza alipoagiza wengine kutoka Dar. Samaki mgeni, alitueleza, hachanganywi na wenyeji. Hukaa kwanza karantini, kwenye tangi lake peke yake, hadi ijulikane kwamba hana ugonjwa. Tangi hilo aliliweka kwenye baraza ya nyuma ya duka, njia ya kwenda bombani, wanakopita wapangaji wote wa ua ule tuliokuwa tukiishi. Wageni wakafika wazima, wanachezesha mapezi. Baada ya siku chache wakaelea tumbo juu. Akapima chumvi, iko sawa. Akapima joto, liko sawa. Akaagiza wengine, nao wakafa vilevile, huku wale wa dukani wakizidi kunawiri. Nilimkuta akiwazika chini ya mpapai, mtu mzima na kofia mkononi.

Sasa, kwetu kifo kisicho na maelezo hakikosi kutafutiwa mwenyewe. Uani pale aliishi bibi mmoja mjane kutoka Ushirombo, macho mekundu kwa moshi wa kuni, na kila asubuhi alionekana ameinama juu ya tangi lile akinong'ona. Maneno kwamba ni mchawi yakaanzia bombani, yakafika kwa muuza mkaa, yakarudi yameota meno. Msomaji wa huku hahitaji kuambiwa maneno ya namna hiyo huishia wapi. Bibi akaacha kwenda kuchota maji wakati watu wapo, na taa yake ikawa inazimwa mapema. Fundi aliposikia alikasirika, hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. Alisema samaki wataagizwa tena, bibi haagizwi.

Jumapili baada ya misa akatuita sote uani, akafungua soda. Tulijua anakuja kutaja mtu, na bibi alikaa pembeni kabisa, khanga ameivuta mpaka usoni. Badala yake fundi akasimama, akatoa shukrani. Amesikia, alisema, kwamba majirani wamekuwa wakiwakirimu wageni wake, naye anataka kumshukuru kila mmoja mbele ya watu. Haya! Ukitaja ukarimu huku kwetu, nani atakubali kubaki nyuma? Mama muuza maandazi akasema yeye huwatupia makombo kila akipita, maana mgeni kuachwa barazani bila chakula ni aibu ya ua mzima. Mwingine alikuwa akiwapa ugali. Mwingine, dagaa wa kusaga. Baba mmoja, kifua mbele, akataja michembe, vile viazi vikavu alivyoletewa na mama yake kutoka Shinyanga. Akasema alivivunjavunja vizuri wasije wakapaliwa. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyewahurumia. Maji yale yalikuwa yakioza kwa upendo, na fundi alikuwa na fununu tayari, kwani alipoosha tangi aliokota kipande cha kiazi kwenye kipampu chake.

"Na wewe, mayu," akamgeukia bibi, kwa heshima tunayompa mama, "uliwapa nini?"

"Sikuwapa kitu, baba. Sikujua wanakula nini. Nilikuwa nawaambia mwangaluka tu."

Mwangaluka ni salamu yetu ya asubuhi. Mama wa maandazi akaanza kucheka, kicheko cha aibu, akamwendea bibi, akapiga goti na kumwamkia shikamoo. Wengine wakafuata. Samaki walioletwa baadaye waliishi, na ulinzi wa tangi akakabidhiwa bibi.

Nilipofika msibani juzi, wazee wawili walishaanza kunong'ona kuwa mtu mzima haanguki tu bafuni. Mjane wa fundi aliwasikia, akainua uso.

"Daktari kasema presha," aliwaambia. "Mwenye sababu nyingine, aanze kwa kutuambia yeye alimlisha nini."

Turubai zima likaangua kicheko, naye akacheka huku machozi yakimtiririka. Nilimpenda sana rafiki yangu wakati ule, kwa kutuachia kitu cha kutuziba midomo. Kifo kikija bila maelezo, tusikimbilie kuuliza ni nani. Tuulizane kwanza kila mmoja ametia nini majini, hata kile alichotia kwa moyo mweupe. Asubuhi ya maziko nilimkuta bibi dukani, amezeeka sana, ameinama mbele ya kioo akiwasalimia samaki. Nikasimama kando yake, nikawaambia mwangaluka, mikono yangu nimeifunga nyuma.