Moto wa Saa Kumi

Wiki hii, rafiki yangu, kuna mtu anayenipandishia hita nyumbani. Kabla ya kwenda kazini naiweka nyuzi kumi na saba. Nikirudi naikuta ishirini na tatu. Barua ya kampuni ya gesi imeshafika, bei inapanda tena, na humu ndani tunaishi wawili tu: mimi na mama yangu, ambaye siku hizi hatembei bila kushika ukuta. Sijamuuliza. Kila nikifungua kinywa naikumbuka ile nyumba yetu ya Moseley, Birmingham, nakifunga.

Watu husimulia nyumba ya utotoni kama wanaonyonya peremende. Mimi ile siipendi. Kwa nje ilikuwa na fahari, matofali mekundu na vioo vya rangi mlangoni, kazi ya tajiri wa zamani aliyekuwa na watumishi wa kuwasha moto kila chumba. Sisi tulipanga ghorofa ya juu na tulikuwa na moto mmoja. Asubuhi barafu ilishika kioo cha dirisha kwa ndani, nami niliikwangua kwa kucha. Tulilala na soksi. Mafuta ya nazi yaliganda chupani tangu Septemba hadi Mei, na Nyanya aliyachokoa kwa mpini wa kijiko kabla ya kunisuka.

Ninausema mwaka wa sabini na tatu ukielekea sabini na nne, nilipokuwa na miaka tisa. Kila lori la makaa ya mawe lilipokuja, gunia lilikuwa na bei mpya, na muuzaji aliitaja akitazama viatu vyake. Baba alikuwa mpakizi katika bohari moja Digbeth, akirudi saa kumi na mbili jioni. Mama alikuwa msaidizi wa wauguzi, akitoka saa nane mchana na kurudi tumeshalala. Lakini sheria ya moto ilikuwa yake: sebuleni tu, Baba akisharudi, na beleshi sita, si saba. "Vyumbani hakuwashwi," alisema. "Anayeona baridi avae."

Aliyeona baridi kutushinda sote ni Nyanya, mamake Baba, aliyeletwa kutoka Mombasa vuli hiyo. Alivaa koti la Baba juu ya leso mbili na bado vidole vyake vilikuwa vya kijivu. "Baridi ya huku haina adabu," alisema. "Inaingia bila hodi na haiagi." Chumbani mwake kulikuwa na meko ya ukutani yenye dohani nzima, baridi kama kaburi, naye alilala akiitazama.

Siku moja nilirudi shule akanipa ndoo. Magoti yake hayakuweza ngazi za kushukia ghala ya makaa. Nilishuka nikajaza nusu, nikapanda. Tangu siku hiyo, kila saa kumi kasoro, tulikuwa na moto wetu. Tulichoma mkate kwa uma, tukanywa kahawa ya tangawizi, naye akayanyoosha magoti mbele ya makaa hadi leso ikanukia joto. Saa kumi na moja unusu tulizima, majivu yakaenda bustanini, na Nyanya akafukiza udi kufuta harufu. Mama alidhani mama mkwe wake amezidisha ibada.

"Nyanya, Mama akijua?"

"Kwa mwanangu ni kwangu," alijibu. "Mtu haibi kwake."

Ghala ya makaa ilikuwa chini ya ardhi, imegawanywa kwa mbao zilizomfika mtu mzima kifuani: huku yetu, kule ya jirani wa chini, mama wa Kihindi aliyefukuzwa Kampala, yeye pamoja na jamaa zake, mwaka uliotangulia. Yeye na Mama walikuwa wameanza vizuri. Kaimati zilishuka, achari ya ndimu ikapanda, na sahani haikurudi tupu hata mara moja, maana kwao kama kwetu kurudisha sahani tupu ni aibu.

Kisha Mama akaona lundo linapungua. Alichora mstari wa chaki ukutani. Siku ya tatu makaa yalikuwa chini ya mstari. Akanyunyiza unga wa ngano juu ya lundo lote. Kesho yake ulikuwa umevurugwa. Mimi niliukung'uta kutoka kwenye sketi yangu ya shule. Mama hakutazama sketi. Alitazama zile mbao, akapanda hadi mlangoni kwa jirani na kopo la unga mkononi.

"Makaa hayana miguu," alisema.

"Wewe nasema mimi mwizi? Mimi naacha duka Kampala, friji mbili ndani. Sasa nakuja Birmingham kuiba makaa yako?"

"Nimesema makaa hayana miguu."

"Basi uliza nyumbani yako."

"Jumapili nasomesha halbadiri. Tutaona nani atavimba."

"Soma tu. Na mimi iko Mungu, na yeye najua Kiswahili."

Nilikuwa nimesimama ngazini. Halbadiri niliijua, mtoto gani wa Mombasa haijui? Ni kisomo kizito cha kumwapiza mwizi asiyejulikana, na husemwa kikimpata huvimba tumbo hadi afe. Nilipanda kumwambia Nyanya. Siku hiyo hakuniomba ndoo. Alikaa mbele ya meko tupu akivuta tasbihi, na kabla ya kulala nikamwona akilipapasa tumbo lake juu ya koti. Na mimi nikalipapasa langu. Nyanya hakuwa akiogopa kusutwa. Aliogopa kufa kwa kisomo, ugenini, kwa sababu ya ndoo nusu.

Jumapili baada ya adhuhuri akaja maalim wetu, ambaye siku za kazi alikuwa kondakta wa basi, pamoja na wanaume wanne. Kwa heshima ya wageni Mama alipakia moto mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona pale. Nyanya aliwekwa karibu nao, akapata joto na huku anatetemeka.

"Kwa makaa, mama?" maalim aliuliza. "Kisomo hiki hakijui jirani wala jamaa. Kinamtafuta aliyekula."

"Kimtafute," alisema Mama.

"Basi mwenye neno na aseme kabla sijafungua kitabu."

Baba alitazama zulia. Makaa yakapasuka.

"Usifungue," alisema Nyanya. "Moto wa makaa hayo nimeuota mimi."

Mama aligeuka. "Umeniacha niende nikamtukane mtu mlangoni kwake."

"Hukuniuliza. Uliuliza chini tu. Na kwa mwanangu ni kwangu."

Maalim alimwambia Mama ashuke akaombe radhi. Mama hakushuka. Alinituma mimi na sahani ya kaimati, na jirani akaipokea. Asubuhi yake tuliikuta ngazini, imeoshwa ikang'aa. Haikurudi tupu. Juu yake palikuwa na kipande kimoja cha makaa ya mawe.

Kile kipande hakuna aliyethubutu kukichoma. Kilikaa dirishani hadi tulipohama. Jirani alihamia Great Barr kabla ya majira ya joto, na lori la vitu vyake lilipoondoka Mama alifunga pazia.

Mama akaanza kuweka ndoo nusu ya makaa mlangoni kwa Nyanya kila mchana, bila salamu. Nyanya hakuigusa. Alikaa na koti lake, akaniambia niende nikafanye hesabu zangu sebuleni. Ndoo ikawa inarudi ghalani jioni kama ilivyokuja. Mwaka uliofuata alirudi Mombasa, na hakuna aliyemwomba abaki. Harufu ya udi ilitoka kwenye mapazia kabla sijamaliza kumlilia.

Sasa moto wenyewe haupo. Kuna bati la chuma ukutani linalopata joto na kupoa. Sijaona mtu akikaa karibu nalo akaoka mkate. Kilichobaki kwa ukamilifu wake ni bei.

Jana nilirudi mapema, saa kumi hivi. Hita ilikuwa ishirini na tatu. Mama alikuwa kitini na koti mapajani, amenipa kisogo. Nikaizungusha kurudi kumi na saba, taratibu ili asisikie.

"Kwa mwanangu ni kwangu," alisema, bila kugeuka.

Nilingoja amalizie maneno ya Nyanya. Hakumalizia. Nikaenda jikoni kuweka maji ya chai, na kabla hayajachemka nikasikia miguu yake, kiganja chake kikipapasa ukuta, halafu kitufe kikizungushwa. Nikatoa mkate, nikatafuta uma mrefu, kisha nikakumbuka hakuna moto wa kuuchomea.