Mfuaji Mmoja, Mistari Miwili

Saa moja na nusu asubuhi, mfuaji wa hospitali anainama juu ya kitabu cha mahudhurio, anatafuta mstari wa tisa, anatia saini. Kisha anafunga aproni ya plastiki, anasukuma toroli la mashuka yaliyolowa hadi kwenye mashine, na mvuke unammeza.

Saa saba na nusu mchana hurudi kwenye kitabu kile kile. Safari hii huenda mstari wa kumi na nne, akatia saini nyingine.

Haya, tegueni. Asubuhi ukimwita, anaitika. Mchana ukimwita mwenzake, anaitika yeye tena. Ni nani?

Serikali haijategua kwa miaka sita. Kwenye taarifa yake ya watumishi, chumba hiki cha dobi kina wafuaji kumi na wanne. Ingia ndani uhesabu vichwa, utapata kumi na watatu. Na kila wakiomba mtu wa kuwasaidia, hujibiwa kwamba kumi na wanne wanatosha.

Wenzake wanamwita Mama Shuka. Ana miaka arobaini na minane, viganja vimechujuka kwa sabuni, na kicheko chake husikika juu ya ngurumo ya mashine.

Aliajiriwa miaka kumi na mmoja iliyopita kwa nusu siku, asubuhi tu. Mchana alikuwepo mama mwingine, naye wa nusu siku. Yule mama alipostaafu, ajira mpya zilikuwa zimesitishwa. Mashuka hayakusitishwa.

“Karani akaniambia, chukua na mchana, nafasi ipo,” anakumbuka. “Nikasema sawa. Lakini kompyuta ikagoma. Ikasema huyu mtu nishamwona.”

Karani, ambaye sasa naye amestaafu, hakutaka kushindwa na mashine. Akaliandika upya jina la mfuaji, ila la baba akalitanguliza, lake akalirudisha nyuma. Kompyuta ikampokea kama mgeni. Hivyo nusu mbili, badala ya kuwa mtu mmoja mzima, zikawa watu wawili.

Nyumbani mumewe, fundi viatu, alifanya mzaha. “Nilioa mke mmoja, serikali ikaniongezea wa pili bila hata kuniuliza,” anasema huku akigonga soli. “Na wote wawili wanarudi wamechoka.”

Mzaha uliisha mwezi uliopita, walipokuja wahakiki kuhesabu watumishi kwa sura, mmoja mmoja. Asubuhi liliitwa jina la kwanza katika ukumbi wa mikutano. Akasimama, akapewa alama ya vema. Mchana likaitwa jina la pili. Akasimama tena.

“Mama, wewe si ulishapita asubuhi?” mhakiki aliuliza, akivua miwani.

“Nilipita, kaka. Sasa ni mchana.”

Ukumbi ulicheka. Mhakiki hakucheka. Alimweleza kwamba mmoja wa hao wawili ni mtumishi hewa, jina lisilo na mtu, na lazima lifutwe.

“Hewa haikunji mashuka,” mama alimjibu. “Niambie basi, yale ya mchana kayakunja nani?”

Jina moja likifutwa, anabaki na nusu siku. Mshahara wa asubuhi unalipa kodi ya vyumba viwili na chakula. Wa mchana ndio unaomsomesha binti yao, aliyebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi.

Alipoletewa karatasi ya kukubali kufutwa, akaisukuma pembeni. Msimamizi wake akamnong’oneza, “Mama Shuka, usije ukawaudhi ukakosa yote.”

“Mimi sikatai kufutwa,” alisema, tena kwa sauti. “Wawafute wote wawili. Halafu waniandike mimi.”

Akatoka, akarudi na madaftari ya nguo. Kila toroli linaloondoka dobi huandikwa humo, na muuguzi wa wodi husaini kupokea. Miaka sita nzima: mashuka kama mia mbili asubuhi, na karibu idadi hiyo hiyo mchana, kwa mwandiko mmoja, kila “s” ikiburuta mkia.

Mhakiki alifunua kurasa kwa muda mrefu. “Fomu yangu haina mahali pa kuunganisha watu,” alikiri mwishowe. “Ina kuongeza na kufuta tu.”

“Na hapo chini pameandikwaje?”

“Maoni.”

“Haya. Kalamu unayo.”

Mhakiki akaandika: *Nusu mbili hizi ni mtu mmoja mzima.* Jumanne ijayo mama ameitwa makao makuu kusikilizwa, aje na barua zake zote mbili za ajira.

Ameshajipanga. Atabeba barua mbili, madaftari sita na mwili mmoja. “Wakisema nirudi kesho, nitarudi kesho,” anasema. “Wakiuliza jina la kweli ni lipi, nitawapa aliloniita mama yangu. Mtoto wangu atamaliza chuo, na mimi nitastaafu nikiwa mzima.”

Saa saba na nusu inafika. Anafuta mikono, anafungua kitabu cha mahudhurio. Mstari wa kumi na nne uko wazi. Anaupita, anapanda hadi wa tisa, na mbele ya saini yake ya asubuhi anaandika: *na mchana*.

“Hapo sipo pa kusaini mchana,” msimamizi anamwambia.

“Ndipo nilipo,” anajibu, na kulishika toroli.