Umechoka Kazi, au Umechoka Mtu?

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile ambayo baba yangu alitoka kijijini Walungu, akaketi mezani kwangu, akakataa chai. Nitakuambia kwa nini aliikataa. Lakini kwanza tulia, Nsimire, uache kuutazama huo mlango. Tangu juzi unaniimbia wimbo mmoja: uuguzi umenichosha, Jumatatu naaga hospitali, naenda kuuza dukani. Sasa umekuja unataka nikubariki. Nibariki nini? Kila nikikuuliza unakimbia nini, unaniambia "basi tu, shangazi". Basi tu! Ningekuwa na nguvu za zamani ningekufinya.

Mimi nami niliwahi kulitamani duka. Ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati maduka ya wageni yalipochukuliwa yakagawiwa wananchi. Tonton wangu, mdogo wake baba, alikuwa karani aliyejua kupiga mhuri na kunyoosha abacost yake, suti ya wakubwa wa enzi zile, basi. Akapewa duka zima la vikwembe, vitenge vya wanawake, pale mtaani Ibanda, rafu zimejaa hadi juu. Aliamka asubuhi karani, akalala bwana mwenye duka. Hakuwa ameagiza hata kipande kimoja cha nguo maishani mwake, lakini ukimsikia akiongea ungedhani pamba ililimwa nyuma ya nyumba yake.

Mimi nilikuwa msichana, sijaolewa, muuguzi wa maternité, wodi ya kuzalishia. Baba aliuza ng'ombe ili nijifunze kazi ile. Na wasichana waliokuwa wakiingoja nafasi yangu walikuwa wengi. Ukitoka leo, kesho mahali pako pana mtu, na hurudi tena. Nilijua hayo yote. Hata hivyo nilikuwa nimekata shauri.

Sababu ilikuwa Maman Riziki, chef wetu wa salle, msimamizi wa wodi. Kila akipanga zamu, usiku ni wa Nabintu, yaani mimi. Wenzangu walikuwa na waume na watoto wa kurudia, mimi sina, basi usiku wangu. Mwezi unaisha, mwingine unaanza, Nabintu usiku. Mchana nageuka-geuka kitandani kwangu mtaani Nyalukemba, watoto wa jirani wanapiga makopo dirishani. Jumapili nasinzia misani hadi padri ananitazama. Je, nilisema kitu? Aka! Mtoto aliyelelewa vizuri hamjibu mkubwa wake. Nilisema "ndiyo, maman", kisha nikaenda kulia chooni. Na ujinga huo nikauita heshima!

Nilipopata congé, likizo yangu ya mwaka, tonton akaniweka dukani nionje. Mwanangu, raha ile sikufichi. Kiti kirefu, redio inaimba, mikono haina damu. Wake za wakubwa wanaingia, nawakunjulia kikwembe, nawaambia kwa heshima ya siku zile, "Citoyenne, hiki kilikuwa kinakungoja wewe," hata kama kinamzeesha. Kero ilikuwa moja tu: watu wa mtaa walinigundua. Mtu anaingia, anashika nguo kwa kujifanya, halafu anamshusha mtoto mgongoni: "Infirmière, angaliya ulimi ya huyu mutoto." Tonton anachachamaa, "Huku iko duka, haiko dispensaire!" Na mimi, kabla sijajua, nimeshamfunua mtoto macho.

Nikampelekea baba habari kwamba naacha hospitali. Baba alikuwa mkulima na mkatekista, mtu wa maneno machache. Akapanda lori la ndizi akaja. Hakuniuliza lolote. Alisema tu, "Nionyeshe iyo duka." Akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, kofia magotini, asubuhi nzima. Tonton alimpa soda, akaishika bila kuinywa. Nilidhani anafurahi kuona binti yake akipendeza.

Tuliporudi nyumbani nikamwekea chai. Akaisogeza pembeni: hanywi mpaka tumalize maneno.

"Nilikala mule asubui muzima," akasema. "Niliona bitu binatoka. Sikuone hata kimoja kinaingia."

Nikacheka. "Lakini papa, rafu zimejaa!"

"Zimejaa bitu ya ule mugeni mwenye alienda. Bikiisha, mudogo yangu atauzisha nini? Mbao?"

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, na wala hawakuliona duka la tonton wangu. Mimi niliyekaa mle siku zote zile, sikuwa nimejiuliza nguo nyingine itatoka wapi.

Kumbe baba hakuwa amemaliza. "Na weye, unakimbia nini? Damu?"

"Apana, papa."

"Kilio ya batoto?"

"Apana. Kazi naipenda."

"Sasa?"

Hapo nikayamwaga yote: usiku, chooni, Maman Riziki na ukali wake. Nilisema mpaka koo likakauka. Akaniacha niseme. Kisha akauliza, pole pole, "Ulimwambia huyu maman?"

"Papa, yule ni mkubwa wangu..."

"Ulimwambia?"

"Apana."

Mama wee! Mzee yule, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti nje ya kanisa, alipiga meza, chai ikamwagika yote. "Basi haukuchoka kazi! Ulichoka muntu moja, na ule muntu hajui! Niliuzisha ngombe yangu usome kusema na bagonjwa, kumbe kusema na chef yako haukusoma?"

Nikaanza kulia, naye akakasirika zaidi. "Mugonjwa akificha ugonjwa wake, unamwambiaka nini?"

Nilijua vizuri ninachowaambia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wale wanawake wa vijijini walioona haya kupanda kitandani mbele yetu, niliwaambia kila siku, mama, mficha uchi hazai. Mdomo huo huo! Nilimsemea kila mtu pale maternité isipokuwa mimi mwenyewe. Hasira zilinipanda, mwanangu, na sikujua nimkasirikie nani kwanza.

Congé ilipokwisha nilimfuata Maman Riziki ofisini kwake. Nikamsalimu kwa mikono miwili, nikasimama mpaka aliponiambia niketi, ndipo nikasema: "Maman, kwa heshima yote, usiku umenizidi. Nakuomba zamu zizunguke." Basi. Maneno hayo tu.

Alinitazama juu ya miwani yake. "Kumbe unachokaka? Mwaka muzima uko 'ndiyo maman, ndiyo maman'. Nilizani unapenda usiku, juu uko muntu ya kimya. Mudomo yako ilikuwa wapi?"

Nilitaka kupiga kelele. Mwaka mzima, Nsimire! Mwaka wa kulia chooni, na kazi iliyogharimu ng'ombe wa baba ilikuwa inaenda kutupwa, kwa sababu ya maneno ambayo hayamalizi hata pumzi moja. Usidhani alinikumbatia. Alinikaripia mpaka siku alipostaafu, na kwenye sherehe yake alinikaripia kwa jinsi nilivyomimina bia. Lakini zamu zilizunguka.

Kiti changu cha dukani alikikalia binamu yangu Cibalonza. Kabla mvua hazijarudi, rafu zilikuwa tupu, maana tonton hakujua hata mlango wa kuagizia nguo. Akafunga, akarudi ofisini kuomba mhuri wake, akakuta mhuri umeshapata mwenyewe mwingine. Cibalonza akabaki barazani, akikaanga beignets, maandazi ya mviringo, mbele ya mlango uliofungwa. Simcheki. Yule alipenda kuuza tangu utoto, angeweza kukuuzia kivuli chako. Beignets zile zimesomesha watoto wake. Ndiyo maana nikisema usiende dukani kwa kukimbia, usinisikie nikidharau duka.

Sasa nisikilize, maana nimechoka kuzunguka. Kama unalipenda duka, nenda na moyo wangu wote, lakini kwanza kaa mlangoni pake asubuhi nzima, utazame kama vitu vinaingia au vinatoka tu. Kama unamkimbia mtu, usiende popote. Mkimbie huyu leo, kesho dukani utamkuta ndugu yake, ana ukali ule ule, amevaa nguo nyingine. Heshima haimaanishi kumeza kila kitu. Kumheshimu mkubwa ni kumwamini kwamba ukimwambia ukweli kwa adabu ataweza kuubeba. Na asipoweza? Basi utaondoka ukijua umesema, na hapo hata mimi nitakufungia mizigo. Jumatatu nenda kazini mapema. Msalimu vizuri huyo unayemkimbia, keti ukiambiwa uketi, sema kinachokuuma, kisha nyamaza umsikilize naye. Usimlilie. Na usinirudie na "basi tu, shangazi", kwa sababu safari hiyo nitakufinya kweli, na uzee wangu huu.

Haya, inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba yangu akulinde, akutie nguvu mikononi na utulivu moyoni. Na katika kila nyumba utakayofanyia kazi, akupe mdomo wa kusema kabla hajakupa miguu ya kukimbia.