Mchepuo wa Mpwa Wangu

Dada yangu ni fundi wa sare za shule, na mimi ndiye mpiga pasi wake, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa. Kwa kukata kitambaa hana mpinzani. Kwa ubishi vilevile hana mpinzani.

Kanuni yake ni moja: sare ya mtoto hukatwa kubwa, pindo la vidole vitatu, mtoto ataijaza mwenyewe. Balaa ni kwamba hata fomu ya shule aliijaza hivyohivyo. Binti yake, yaani mpwa wangu, alikuwa amefaulu kwenda sekondari ya juu, na ilibidi achague mchepuo mmoja kati ya mitatu: sayansi ya tiba, lugha, au uchoraji wa kiufundi. Fomu irudishwe Ijumaa saa nne asubuhi, na ukishapangiwa hakuna kubadili. Binti alitaka uchoraji. Dada akaandika tiba.

"Mama, mimi udaktari siutaki."

"Nimekukatia kubwa. Utaujaza."

"Na nisipoujaza?"

"Hebu fumua pindo la hiyo sketi, maneno utaniletea baadaye."

Nilitia neno, nikaambiwa nishike pasi yangu. Nikashika. Lakini niliumia, maana mtoto aliinamisha kichwa akafumua bila kubisha tena.

Alhamisi mchana akaja mama mmoja na binti yake wa miaka kumi, ambaye mgongo wake umepinda tangu kuzaliwa. Dada alishamshonea mara tatu, na mara zote tatu bega la kushoto lilidondoka na kola ikamkaba. Safari hii alikuna kichwa, akataka kurudisha kitambaa. Kwa dada yangu, hiyo ni aibu ya mwaka.

Mpwa wangu akasogea. "Mama, naomba nijaribu." Akachuchumaa mbele ya yule mdogo. "Inakubana wapi?"

Nilishtuka. Mara zote tatu hakuna aliyemuuliza. Akampima kulia peke yake na kushoto peke yake, utadhani anapima watu wawili. Akatandaza gazeti la zamani, akachora, akapiga hesabu pembeni, akafuta, akachora tena. Kisha akakata lile gazeti na kulibana kwa pini juu ya mabega ya mtoto. Likakaa. Gazeti, jamani! Nilisahau pasi nikaunguza kaptula ya watu.

Dada alikata kitambaa kwa kufuata lile gazeti, hakuongeza hata nusu kidole. Jioni mtoto akavaa. Akajitazama kwenye kioo, akageuka, akajitazama tena.

"Mama, haidondoki," akasema.

Dada alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akimzunguka kutafuta pa kurekebisha. Hakupata. Akabaki palepale chini, anamtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka.

Ijumaa tulikwenda shuleni watatu. Mwalimu wa taaluma akaona tiba imekatwa kwa kalamu, na uchoraji umeandikwa juu yake. Akavua miwani.

"Mama, una hakika? Nafasi za tiba watu wanazigombania. Au binti amekulazimisha?"

Dada yangu mbele ya walimu hunywea, hata salamu humtoka kwa shida. Siku hiyo alisogea mpaka mezani.

"Mwalimu, nimeshona miaka ishirini na mbili. Alichokifanya huyu jana mimi sikijui. Nilimtazama mwanzo mpaka mwisho, na bado sikijui." Akamsogeza binti yake mbele. "Mimi nimeishia hapa. Wapo wanaojua kunizidi. Naomba mnipelekee mwanangu kwao."

Mwalimu akagonga muhuri, na mpwa wangu akamshika mama yake mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu darasa la pili.