Mhariri wa Mwaloni

Mhariri wa jarida letu hachapishi makala kabla hajaisoma kwa sauti pale mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, mbele ya akina mama wanaoanika dagaa. Anasoma huku anatazama mikono yao. Mikono ikisimama, makala inapita. Ikiendelea kugeuza dagaa, anachomoa kalamu nyekundu sikioni, anakata. Hata maneno yake mwenyewe huyakata. Juzi alisoma makala iliyoandikwa na tajiri anayetupatia matangazo mengi kuliko wote. Dagaa waligeuzwa mpaka mwisho. Akampigia simu palepale.

“Shikamoo mzee. Makala yako haitatoka.”

“Nani kaikataa?”

“Akina mama wa dagaa, mzee.”

Tajiri akaondoa matangazo yake yote. Jarida likatoka jembamba, nasi tukalipokea kwa mikono miwili.