Tisa Ni Khali

Sitaficha, maana aliyenirekodi kwa simu bado yuko hai na video anayo: mimi, mtu mzima na ndevu zangu, niliuharibu muziki wa maelfu ya miaka kwa viganja viwili tu.

Ilianza na mdomo. Jirani yangu hapa ughaibuni, Stechford, Mzee Jaswant, Singasinga wa Kisumu, alikuwa akinieleza kwamba muziki wao wa Kihindi ulizaliwa kwenye nyimbo za ibada za kale, kwamba kuna raga, yaani njia ya sauti, kila moja na wakati wake, ya asubuhi haiimbwi jioni, na kuna tala, yaani mzunguko wa mapigo, nami badala ya kunyamaza nikasema, "Mzee, usinifundishe, mimi nimekulia senema za Kihindi." (Senema! Basi na aliyewahi kulazwa hospitali ajiite daktari.)

Sasa binti yake Simran, mzaliwa wa hapa hapa, alikuwa aimbe kwenye ukumbi wa Newtown mbele ya mwalimu mkubwa wa muziki huo, ambaye akiridhika angemchukua awe mwanafunzi wake, na msichana kaililia nafasi hiyo miaka mitatu. Siku yenyewe, yule wa kukaa mbele yake na kumhesabia mapigo kwa makofi akashikwa na mafua. Mzee akanipigia simu.

"Bwana Hamad, si wewe unajua hii vitu? Mapigo ni kumi na sita. Moja, tano, kumi na tatu, piga kofi. Tisa ni khali."

"Kali?"

"Eeh, khali!"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jamani, nilikuwa mkali! Kila tukifika tisa ngoma nzito inanyamaza kidogo (nikadhani wananipisha, mwenye shughuli), nami natandika kofi la kuamsha wafu, na wageni wa nyuma, wasiojua lolote kama mimi ila wao hawakujidai, wakaanza kunifuata. Simran akanitolea macho, nikamjibu kwa tabasamu la kumtia moyo na kofi kubwa zaidi. Mwishowe akauamini ukumbi kuliko masikio yake, akatua kwenye tisa yangu akidhani ndiyo moja, mpiga tabla, ile ngoma yao, yuko kwingine kabisa, wimbo ukakatika.

"Uncle," akasema kwenye kipaza sauti, machozi yanamlenga, "khali means empty. You don't clap."

Tupu! Pigo la kupunga mkono hewani, basi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu, Mungu ambariki, alicheka, akampa wiki moja arudi. Nikaenda kuomba radhi.

"You can come, uncle," Simran akaniambia. "Just sit on them."

Nikaikalia mikono yote miwili saa nzima. Akaimba mpaka nikalia, wallahi, na mwalimu akasimama akamtangaza kuwa mwanafunzi wake, ukumbi ukalipuka kwa makofi, isipokuwa mimi, mikono imekufa ganzi.

Mzee Jaswant akanigeukia. "Hata hii hupigi?"

Siku hizi nikiulizwa kama najua kitu, hata njia ya kwenda kwangu, nasema sijui.