Breki za Kubisha Hodi

Ipo siku moja ambayo kumbukumbu yangu imekataa kuizeesha, mwanangu. Nilisimama juu ya rundo la mbao pale nilipokuwa nikiuza, karibu na daraja la Sosiani, nikawaapia watu kwamba gari la shemeji yangu lilikuwa na dhahabu ndani ya injini. Si dhahabu ya kupakwa. Dhahabu yenyewe, iliyomwagika kwa bahati mbaya ndani ya chuma kilichokuwa kikiyeyushwa huko ng'ambo, baada ya mfanyakazi wa kiwanda kusinzia. Habari hiyo niliipata kwa kinyozi wetu, naye kinyozi aliipata kwa dereva wa lori kutoka Turbo, na dereva wa lori, kama ujuavyo, ameona dunia yote. Niliamini kabisa. Mimi, niliyekuwa nimehitimu gumbaru, shule ya jioni ya watu wazima, nikapewa cheti kikubwa hata tukakiingiza nyumbani kwa upande!

Sasa nasikia unatafuta gari la mkono wa pili, dogo lakini la kifahari. Ndiyo sababu nimekuita. Keti.

Shemeji huyo aliitwa Zakayo, mume wa dada yangu Rael. Alikuwa akiuza viazi, mtu wa kicheko cha kusikika kutoka hapa mpaka Soy. Gari alilinunua kwa meneja mmoja wa shamba la ngano, mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Mwanangu, lile gari! Lilikuwa dogo, ungedhani ungeweza kulibeba kwapani, lakini viti vilikuwa vya ngozi laini kuliko shavu la mtoto, na dashibodi ilikuwa ya mbao. Mimi ni mtu wa mbao. Nilipoiona, nilivua kofia. Siku ya kwanza lilipoegeshwa kanisani, mhubiri alipotewa na mahubiri, na mpaka leo sina hakika kama ile ibada tuliimaliza.

Lilikuwa na ila moja. Ukikanyaga breki mara ya kwanza, mguu ulizama mpaka chini na gari likaendelea na shughuli zake. Ukikanyaga mara ya pili, likasimama. Dada yangu alilalamika tangu wiki ya kwanza.

"Zakayo, hii breki ni mgonjwa."

"Si mgonjwa, ina adabu," shemeji alimjibu. "Kwani wewe ukienda kwa mkubwa unaingia tu? Si unabisha hodi kwanza? Gari ya heshima ni hivyo."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Walikuwepo wengine wachache mjini wenye gari la aina ile, na baada ya ibada walikutana uani wakipigana mabega.

"Yako pia inabisha hodi?"

"Mara mbili, ndugu yangu. Siku ya mvua, mara tatu!"

Hakuna aliyekwenda kulalamika kwa kampuni iliyoyaleta. Angeonekana mshamba, mtu asiyezoea vitu vizuri. Kwa hiyo ugonjwa wa gari ukawa sifa ya gari, na sisi tusiokuwa hata na baiskeli tukaisifu kuliko wenyewe.

Halafu alasiri moja, baada ya matangazo ya vifo, redio ikasema wenye magari ya aina ile wayarudishe kwa kampuni hapa Eldoret yakatengenezwe breki. Bure.

Bure! Elewa wakati wenyewe, mwanangu. Ilikuwa miaka ya chama kimoja. Kitu cha bure tulichokijua kilikuwa maziwa ya Nyayo ya watoto wa shule, na mtu akiitwa mahali bila kuelezwa vizuri, mkewe alianza kumtafutia sweta nzito ya kulalia korokoroni. Sasa gari nalo linaitwa, tena linaitwa bure? Mji mzima ulikuna kichwa, na jibu likatoka kwa kinyozi: wanataka dhahabu yao.

Nilikimbia mpaka kwa dada yangu, nikamkuta Zakayo ameshashika funguo.

"Shemeji, ukipeleka hiyo gari utarudishiwa ganda."

"Unafikiri?"

"Sifikiri. Najua."

Rael alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Hakuinua hata kichwa. "Peleka gari, Zakayo. Kama kuna dhahabu, wachukue. Mimi nataka breki."

"Mama watoto, si umesikia mtu aliyesoma anasema nini?"

Mtu aliyesoma. Maneno hayo yamenilalia kifuani tangu siku ile, na hayajawahi kugeuka upande. Zakayo alitundika funguo msumarini, tukanywa chai.

Mzee Adan, mwenye duka la vitambaa, alikuwa na gari kama lile. Yeye alilipeleka asubuhi, na kabla jua halijaanza kushuka alikuwa amerudi nalo. Alisimama mbele ya mbao zangu, kwa kukanyaga mara moja tu, akamwita shemeji, aliyekuwa ameketi nami, kwa Kisomali chake kwanza.

"Warya Zakayo, peleka! Sasa inashika mara moja. Angalia walichotoa."

Akafungua gazeti alilolikunja. Ndani mlikuwa na paipu ya mpira, fupi kama kiganja, nyeusi, yenye mipasuko midogo. Niliichukua, nikainusa kama mganga, nikamrudishia.

"Pole, Mzee Adan. Wamekupa mpira, wao wamebaki na dhahabu!"

Barabara yote ilicheka. Hata yeye alicheka kidogo, akaifunga tena paipu gazetini, akaitia mfukoni mwa koti, akaondoka akitikisa kichwa. Zakayo ndiye aliyecheka kuliko wote. Nikikumbuka kicheko chake, ni kile cha siku ile ninachokisikia.

Alikuwa akitoka Burnt Forest siku ya soko, mvua ikinyesha. Lori la mahindi lilikuwa limeharibika mteremkoni, limeziba barabara. Akina mama waliokuwa wakiuza viazi kando ya njia, waliomjua kwa jina, walisema walimwona ameshika usukani kwa mikono miwili, na bega lake la kulia likipanda na kushuka, likipanda na kushuka. Alikuwa akibisha hodi. Hakufunguliwa. Mimi hupenda kuongeza chumvi, kila mtu analijua hilo. Hapo sijaongeza hata punje.

Mbao za jeneza nilizichagua mimi. Nilipekua rundo lote nikitafuta zenye rangi ya ile dashibodi aliyoipenda. Rael alizipitishia kiganja. Watoto waliniuliza kama baba yao atalala vizuri humo. Nikawaambia ndiyo, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Utadhani hapo akili ilinirudia. Wapi! Baada ya mazishi nilichukua msumari mrefu, nikaenda kwenye uwanja wa polisi ambako mabaki ya gari yalikuwa yamevutwa. Niliwaza, dhahabu ile sasa ni ya watoto wa dada yangu, itawasomesha, afadhali niipate kabla wengine hawajaifikia. Nikapiga magoti kwenye tope, nikaanza kukwaruza injini. Chuma. Nikakwaruza upande wa pili. Chuma.

Niache kwanza nikiwa nimepiga magoti hapo, mwanangu, nikupe neno ulilokuja kulisikia. Ukitaka kununua gari, usimuulize mwenyewe analipendea nini. Muulize linamsumbua wapi. Akijibu kwa mzaha, muulize tena, maana watu huficha aibu ya kitu cha bei ndani ya kicheko. Waliolitengeneza wakisema lirudishwe, lirudishe siku hiyohiyo, na neno bure lisikuogopeshe. Ukiwa na malalamiko, yaseme kwa sauti mahali panapohusika, hata wakikuita mshamba. Mkeo akisema breki ni mgonjwa, msikilize, kwa kuwa yeye na watoto ndio wanaoketi humo nawe. Na ikiwa una cheti, hata kama ni kikubwa kama mlango, jifunze kusema sijui. Shemeji yangu angezeeka kama ningelijua neno hilo moja.

Mungu akupe safari ndefu na breki inayoshika mara ya kwanza. Akurudishe kwako kila jioni, watoto wausikie mlango wa gari ukifungwa na wajue ni wewe.

Basi. Nilikuwa bado nakwaruza Rael aliponikuta. Alikuwa ametoka dukani kwa Mzee Adan, kitambaa cha matanga bado kichwani. Aliutazama msumari, akaitazama ile injini iliyojaa mikwaruzo yangu. Ningependa angenigombeza. Alichuchumaa kando yangu, akanitoa msumari mkononi, na mahali pake akaweka kile kifurushi cha gazeti. Nilikitambua kabla sijakifungua.

"Kibet," aliniambia polepole, kama anayemwelekeza mtoto njia ya dukani, "hakukuwa na dhahabu. Hii paipu ilikuwa inapasuka kwa magari yote hayo, mafuta ya breki yanavuja. Walikuwa wanatoa hii, wanaweka mpya. Ni hiyo tu."